Nusu ya Kijani Nyuma ya Benchi

Benchi letu limeegemea ua wa kiwanja cha gofu, pale barabara inapoteremka kuelekea Daraja Mbili, na Yakub huuza kahawa hapo. Wazungu wa kiwanja walikwenda zao, wakatuachia mashimo, bendera na ugonjwa. Nyasi za shimo la mwisho, zile fupi zinazonyolewa kama kichwa cha karani, zilikuwa zimeota madoa makavu, kila doa kama sahani. Mtunzaji wake ni Ombui. Ijumaa hiyo jioni alikuwa kati yetu na kikombe cha maji moto, maana ni Msabato, kahawa hanywi. Wageni wa Kisumu wakija mwisho wa mwezi wakute madoa, kazi hana. Katibu wa klabu alimwambia hivyo mbele ya watu. Dawa ya dukani alikwisha kunyunyiza, akarudia, na madoa yakazidi kupanuka.

– Ni mbwa, alisema Nyasani, tunayemwita Redio kwa kuwa hakuna anayeweza kumzima. Mbwa wa katibu anakojoa pale. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

– Methali hiyo imeingilia wapi? nikamkatiza.

– Mbwa akishikwa na dhiki ya mkojo, nani atamfaa kama si nyasi?

Ombui aliinuka, akaketi, akainuka tena.

– Jua likizama Sabato imeingia, sigusi kazi mpaka kesho jioni, na nyinyi mnaleta mkojo!

– Basi ni yule mzungu wa mwisho, Redio akaendelea. Aliondoka na hasira. Alizika kitu chini ya bendera.

– Kitu gani?

– Soksi.

– Soksi inaua nyasi?

– Hukuwahi kumwona akivua viatu.

Thadeus akaweka kikombe chini. Huyu ni Digrii. Tulimpa cheo hicho tangu alipowapikia wanafunzi wa kilimo.

– Ule ni ukungu. Na ukungu una askari wake. Kuna ukungu mwingine, mwema, unakaa kwenye takataka zilizooza. Mwaga takataka hizo juu ya nyasi, ule mwema utaukaba koo ule mbaya na kuula. Lakini ukipiga dawa, unaua mwizi na askari pamoja.

– Ukungu una koo? Redio akauliza. Na kofia ya askari je?

– Nilisikia kwa masikio haya, nikigawa ugali!

– Ulisikia sufuria ikichemka.

Tulicheka hata Yakub akamwaga kahawa. Mimi nilimwambia wazi kwamba ni mwongo.

Hapo akafika Nyamoita, muuza ndizi, anarudi Nyakoe na kikapu kitupu. Akaagiza kahawa, akachungulia ng'ambo ya ua.

– Nyasi zimeugua zote isipokuwa nusu ya huku kwenu. Huku mnaweka nini?

Macho yetu yote yakamwendea Yakub. Sote tulijua. Miaka yote Yakub hurusha mashapo ya kahawa na maganda ya tangawizi ng'ambo ya ua, nasi maganda ya ndizi. Vikaoza, vikawa kichuguu, mvua ikawa inaviteremsha kwenye nyasi. Na kichuguu hicho Ombui alikuwa amekichoma mchana huohuo, kwa amri ya katibu, eti uchafu ndio unaoleta ugonjwa. Moshi ulikuwa bado unafuka.

– Mungu wangu, alisema Ombui. Nimewachoma askari.

Akaruka ua, nasi nyuma yake. Alifukua jivu kwa mikono. Chini, moto haukufika: kulikuwa kweusi, kumelowa, nyuzi nyeupe zimetambaa kila mahali, harufu ya msitu. Akajaza karai, akatandaza juu ya doa la kwanza, akarudi mbio, akatandaza la pili. Jua likagusa mlima. Akasimama, karai mkononi.

– Sabato imeingia.

– Madoa hayajui Sabato! Redio akapaza sauti. Tazama wingu lile. Mvua itasomba yote uliyofukua.

– Mimi naijua.

Alimtazama Yakub, akainamisha macho.

– Na siwezi kukutuma, ndugu yangu. Amri ya Sabato inamkataza kazi hata mgeni aliye ndani ya malango yangu.

Yakub alipindua birika. Kahawa ilikuwa imekwisha. Akakunja kanzu mpaka magotini, akamnyang'anya karai.

– Nani kanituma? Mashapo haya ni yangu. Nayamwaga ninapotaka.