Nafasi Nane za Kumbukumbu

Mlango wa nakshi uking'olewa mtaani kwenu ukauzwa, wewe hugeuza uso. Mimi nakumbuka kila uliokwenda.

Jana, ndani ya basi la Bagamoyo, binti mmoja, Shufaa, alikuwa amepakata mazabodi mpya, ule ubao unaobeba viungo vyote vya kompyuta. Jirani yake, mzee Sufiani, fundi milango, akaupapasa kama fremu ya mninga, bila hata kuomba ruhusa.

"Shikamoo babu, taratibu!"

"Marahaba. Wa kuchezea gemu?"

"Kwa gemu ni ufahari tu, hata wa bei nafuu ungetosha. Mimi nachora milango ya mji, kila ua la nakshi, na kompyuta yangu huzimika nikifika wa tatu. Huu una nafasi nane za kumbukumbu."

"Nane! Mimi ninayo moja, na inavuja." Basi zima likacheka. "Na chumvi yetu ya bahari, je? Imekula bawaba za chuma, sembuse hiki kibati."

"Nitaufunika, babu."

"Hata mimi hujifunika, na magoti yanalia."

Kisha akashusha sauti. Mlango wa jirani yake Bi Mwaija, uliochongwa na baba yake Sufiani, umeuzwa, unang'olewa Ijumaa. "Ua la chini limeliwa na mchwa. Anayejua lilivyokuwa ni mimi tu."

"Nielekeze basi, nilichore."

"Kwanza nijibu la chumvi."

Basi likasimama stendi, wakashuka wakibishana.

Leo ni Jumatano. Wewe uliyepiga picha ya harusi mbele ya mlango ule, ua la chini likiwa bado zima, itoe kabatini, umpelekee Shufaa leo hii.