Madoa Meupe kwenye Gari Jeusi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Meneja wa Shamba,
Ndugu Mwenyekiti wa Tawi,
Ndugu wafanyakazi na wananchi mlioacha shughuli zenu kuja kusikiliza:

Sisi wakazi wa kota za wafanyakazi, Shamba la Ngano Gidabwar, tunakukaribisha. Vumbi la njia ya Katesh tuliliona juu ya gari lako jeusi kabla hatujakuona wewe mwenyewe. Pole sana. Wakati unazungushwa kwenye ghala jipya, gari hilo tumeliosha, kwa ruhusa ya dereva wako. Tunaomba lisifutwe, libaki pale pale juani. Mwisho wa risala tutalirudia.

Tumeambiwa risala iwe fupi na isiwe na malalamiko. Kwenye ufupi tumejitahidi.

TULIKOTOKA

Zamani hapa palikuwa nyasi na ng'ombe. Ikaja ngano, zikaja mashine, tukaja na sisi kutoka Mbulu, Dongobesh, Endasak na kwingine. Wataalamu walipotafuta mahali pa kuchimba kisima waliona ng'ombe wamejazana sehemu moja, wanalamba na kunywa, wakachimba hapo. Mzee Gidahosh, mwenye ng'ombe wale, yupo hapa mstari wa mbele. Anasema hakuna aliyemuuliza kitu. "Ng'ombe walikuwa wanafuata chumvi," anasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa nakunywa kwingine."

Maji ya kisima hicho ndiyo yanayotoka kwenye bomba letu, na ndiyo tunayokunywa mpaka leo.

MAFANIKIO

Mafanikio yapo, hatuyafichi. Ngano inatoka. Ghala umeliona. Shule imeezekwa. Umeme umefika kwenye nyumba za viongozi, na sisi tukikaa mlangoni unatuangazia kidogo.

MATATIZO

Tatizo tumeandika moja tu. Mwenzetu Yoakimu Tluway ameachishwa kazi, na mwisho wa mwezi huu anatakiwa atoke kwenye nyumba ya shamba, yeye na binti zake wawili. Hana pa kurudi, maana kipande chake cha Dongobesh alimwachia mdogo wake siku alipokuja kuajiriwa hapa. Kosa lake ni madoa.

Kazi ya Yoakimu ilikuwa kuosha gari la Ndugu Meneja, Pijo nyeusi, kule kule nyumbani kwa Meneja. Na gari jeusi halisitiri kitu. Yoakimu analiosha mpaka linang'aa, anarudisha ndoo stoo, akigeuka jua limeshapanda na gari limetoka madoa meupe mwili mzima, kama ngozi iliyoshikwa na mba. Anaosha tena. Yanazidi.

"Unatia nini kwenye maji, Yoakimu?" Meneja alimuuliza.

"Sabuni, mzee."

"Sabuni gani?"

"Ya mche. Ile uliyonipa mwenyewe."

"Basi ni uvivu."

Sisi wenzake, badala ya kumsaidia, tukaharibu zaidi. Siku zile ndege ya kupulizia dawa kwelea kwelea ilikuwa imepita. Mama Bernadina, jirani yake, alipoyaona madoa akapiga kelele: "Hiyo sumu ya ndege! Kama kwenye chuma iko hivyo, kwenye tumbo ikoje?" Kota nzima tukaacha kuchuma mboga ya mnafu. Watoto tukawafungia ndani. Tulikula ugali na chumvi wiki nzima, kwa kuogopa madoa ya maji ya kuoshea gari. Habari zikamfikia Meneja kwamba Yoakimu anatangaza sumu. Hakutangaza. Kuuliza, aliuliza, na kwa viongozi wetu mtu anayeuliza wanamhesabu pamoja na anayetangaza. Akaandikiwa barua.

Tuseme na hili, kwa sababu bila hili hutamjua Yoakimu. Mke wake, Genoveva, aliugua kipindi cha mvua. Yoakimu alikwenda kuomba gari la kumpeleka hospitali. Akaambiwa gari limetoka kuoshwa na barabara ina tope, asubiri trela la trekta. Gari hilo aliliosha yeye mwenyewe asubuhi ile ile. Trela lilipofika hospitali ilikuwa jioni, na Genoveva hakurudi. Hatusemi gari lingemponya. Tunasema lilikuwa safi.

Tangu siku hiyo Yoakimu hakucheka. Chai aliacha. Birika la marehemu alilifunika na kulisukuma chini ya kitanda, akawa anakunywa maji hivi hivi.

Sasa kazi akapewa Ayubu, ambaye wazazi wake wana duka Katesh. Wakati ule injini ya kisima ilikuwa imekufa, boza la shamba likawa linachota maji kwenye chemchemi ya mlimani, juu ya Endasak. Ayubu akaosha gari, likang'aa, jua likapanda, likaendelea kung'aa. Ndugu Meneja akasema mbele yetu sote: "Mnaona? Kazi ni mtu." Yoakimu alikuwa amesimama nyuma na aliyasikia maneno hayo.

Injini ikatengenezwa. Madoa yakarudi.

Jumapili, watu wametoka kanisani, Ayubu akamfuata Yoakimu nyumbani kwake.

"Shikamoo, mzee Yoakimu."

"Marahaba. Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kuuliza. Ulikuwa unatia nini?"

"Na wewe unatia nini?"

"Mimi sitii kitu!"

"Basi sasa tuko wawili tusiotia kitu," Yoakimu akasema, na hapo, Ndugu Mgeni Rasmi, majirani tulisikia kicheko ndani ya nyumba ile, tukatoka kuhakikisha.

Walikaa kwenye kizingiti wakalichambua jambo. Yoakimu akauliza, gari likikaa bila kuoshwa, linapata madoa? Ayubu akafikiri. Meneja aliposafiri kwenda Arusha kwa gari la shamba, Pijo ilikaa nje siku nyingi. Ilipata vumbi tu.

"Basi ndege tuiache, haina kosa," Yoakimu akasema. Mama Bernadina alikuwa karibu, akajifanya anafukuza kuku.

Wakachukua kipande cha kioo cha dirisha. Upande mmoja Yoakimu akadondosha tone la maji ya bomba, upande wa pili tone la maji ya mvua kutoka kwenye pipa. Wakakiweka juani, wakachuchumaa, wanakitazama kama watu wanaosubiri vifaranga. Na sisi tukachuchumaa. Tone la mvua likakauka, kioo kikabaki kama hakikuguswa. Tone la bomba likakauka likaacha duara jeupe.

"Shuleni walituambia yanaitwa maji magumu," Ayubu akasema.

"Magumu vipi na yanamwagika?" Mama Bernadina akauliza.

Yoakimu hakusikia. Alikuwa ameingia ndani. Akatoka na birika la Genoveva, akafungua kifuniko, akaligeuzia kwenye mwanga. Ndani lilikuwa na ukoko mweupe, rangi ile ile ya duara la kwenye kioo. Marehemu alikuwa akilichemsha birika hilo na limau mpaka ukoko unaachia, na Yoakimu alikuwa akimgombeza, kwa nini anamaliza malimau. Akaomba limau kwa jirani. Akalikata, akasugua kioo. Duara likaondoka.

Akaiweka nusu ya limau ndani ya birika. "Kumbe tulikuwa tunaosha kitu kimoja," akasema. "Yeye ndani, mimi nje."

Toka siku hiyo kota nzima tumekuwa watu wa kuchungulia mabirika. Tukaanza kuelewa kwa nini sabuni ya mche inaisha bila kutoa povu, na kwa nini maharage yetu yanawekwa jikoni asubuhi, watoto wanarudi kutoka shule, na bado yanagonga sahani. Wengine tulikuwa tumewagombeza wake zetu kwa maharage hayo.

Ayubu alikwenda kumweleza Meneja. Aliambiwa akaoshe gari. Lakini Jumamosi iliyofuata tuliliona boza linapanda mlimani, na kila Jumamosi linapanda. Linapita kwenye bomba letu likiwa limejaa, linakwenda kuosha Pijo. Kwa hiyo Ndugu Meneja ameamini, ila ameamini kwa ajili ya gari. Barua ya Yoakimu tunaambiwa ilishapigwa muhuri.

MAOMBI

Tunaomba Yoakimu arudishwe kazini na abaki kwenye nyumba yake. Ayubu mwenyewe amekubali kurudi karakana, alikokuwa anataka tangu mwanzo. Pia boza likipita Jumamosi na maji ya gari, lisimame kwetu kidogo. Dereva wake si mkali, anasubiri tu kuambiwa.

Hatutaki uamini maneno yetu. Dereva wako alipoona tunaliosha gari nusu kwa nusu alishtuka: "Jamani, mnafanya mzaha na gari la serikali?" Mama Bernadina akamjibu, "Tulia, mwanangu, nusu moja itakuwa nzuri."

Upande wa kulia tumetumia maji ya chemchemi. Akina mama waliyafuata jana kwa miguu, wakayabeba kichwani. Upande wa kushoto, maji ya bomba letu. Sabuni ni moja, kitambaa kimoja, mkono ni wa Yoakimu pande zote mbili. Jua limefanya kazi muda wote tuliokuwa tunasoma.

Tukimaliza, kabla hujaenda kula, tunakuomba ulizunguke. Ukiona pande zote ziko sawa, Yoakimu ataanza kufunga mizigo leo, na sisi tutamsaidia kubeba. Ukiona haziko sawa, mwambie Ndugu Meneja pale pale, nasi tusikie. Upande wa kushoto usikutie wasiwasi. Yoakimu ana malimau mfukoni, atausafisha, na utaondoka na gari zima lililo safi.

Mungu akusindikize salama, na kila utakaposimama njiani ukute maji matamu. Chai tumekuandalia, birika tumeazima kwa Yoakimu. Tumeichemsha kwa maji ya upande wa kushoto.

Ni sisi wenyeji wako,
Wakazi wa Kota za Wafanyakazi,
Shamba la Ngano Gidabwar, Hanang.

Imesomwa na Efrazia Akonaay, kwa niaba ya wote.