Gaspard Kashindi na viti vinavyoshuka vitupu

Waheshimiwa mapadri, wakubwa wa mitaa, wakristu wenzetu wa Songo na Rugenge, wakwe wetu wa Mutarule, nanyi ndugu mulioshuka kutoka mlimani tangu jana, jamaa imenituma mimi Norbert, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha yake, na ninaomba munisamehe nitakapokosea, maana masomo yangu yaliishia mwaka wa nne, na aliyekuwa ananisahihishia maandiko yangu ndiye huyu tunayemlilia.

Yaya Gaspard, yaani kaka yetu mkubwa, alizaliwa hapa Songo tarehe 14 Aprili 1929, kifungua mimba wa baba yetu Antoine, mvuvi wa ndagala, na wa mama yetu Célestine, ambaye iko amekaa pale karibu na sanduku la marehemu, naye Gaspard akabatizwa Pentekoste ya mwaka uleule, akafuatiwa na dada yetu Honorine, kisha mimi. Aliingia shule ya misioni mwaka wa 1937, akaiacha mwaka wa 1943 baba alipopotelea ziwani, akaenda kuomba kazi kwa Furere Térence, mtawa aliyekuwa fundi wa misioni, mzaliwa wa milima ya Ufaransa, naye akamfundisha kujenga ukuta, kuendesha kamioni na kupiga picha, hata ikawa hakuna arusi wala ubatizo wa miaka ile ambapo hakuonekana na mashine yake shingoni, na wengi wenu picha alizowapiga zingali ukutani nyumbani.

Tarehe 8 Septemba 1951 alifunga ndoa na Léocadie, binti wa Mutarule, ambako wakwe walimtania kwamba mtu wa ziwa hajui jembe linashikwa upande gani, naye kwa kuwaonyesha kinyume akawalimia shamba, akang'oa na maharagwe pamoja na magugu, wakacheka, wakampa mke vilevile. Mungu aliwajalia watoto wawili, Marie-Jeanne mwaka wa 1953, na mwaka wa 1961 huyu mdogo aitwaye Honorine, na sababu ya jina hilo ndiyo ninayoifikia sasa.

Dada yetu Honorine aliolewa kule juu ya mto Mulongwe, na tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, uchungu wa kuzaa ulimshika vibaya, wanaume wanane wakamlaza katika kipoyi, kile kitanda cha miti cha kubebea wagonjwa mabegani, wakaanza kushuka naye kuelekea hospitali ya Uvira, walewale wanane tangu asubuhi, na walipofika kwenye mawe meupe, pale ambapo mji na ziwa vinaonekana vyote, mabega yalikataa, wakamtua ili wapumzike kidogo, wakawa wanasikia ngoma za mji kutoka chini, na hapo ndipo dada alipokata roho, na mtoto tumboni. Saa hiyo Yaya Gaspard alikuwa huku chini anapiga picha watu wanaocheza, na ijapokuwa hakuna aliyemlaumu, picha za siku ile hakuzisafisha kamwe.

Furere Térence, akitafuta namna ya kumfariji, alimwambia kwamba kwao kuna viti vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma na kupita juu ya mabonde bila kugusa jiwe, basi Yaya hakumpa nafasi ya kupumua, akamsumbua miaka miwili, mpaka Januari 1963 wakapanda ndege Bujumbura kwenda kuviona, na kwa kuwa Furere alikuwa na ugonjwa wa mguu, Yaya ndiye aliyeendesha kamioneti kutoka Ubelgiji, wakapita Ufaransa, Uswisi, Italia na Austria mpaka karibu na Pasaka, wakisimama kila walipoona kamba mlimani, Furere akichora, Yaya akipiga picha milingoti, magurudumu na viti, filimu akiiweka kwapani kwa sababu ya baridi.

Alitusimulia kwamba siku ya kwanza aliona wazungu wamekaa vitini, kila mmoja amefunga mbao mbili ndefu miguuni, akafurahi, akidhani huko juu wanajenga kanisa, akangoja alione, na badala yake akawaona wanajitupa chini kwa mbao zilezile juu ya theluji, wanacheka, wanapanga tena mstari, akamuuliza Furere kama kumbe watu hawa wanapanda ili washuke tu, na Furere akakubali kwamba ndivyo. Lakini lililomchoma ni kwamba viti vilipanda na watu na kushuka vitupu, kila mahali, nchi zote nne, wakati yeye alitafuta kiti cha kushusha mtu, na kila alipoomba akae kwenye cha kushuka ajaribu walimkatalia. Ni Austria tu, mzee mmoja mwenye masharubu aliyelinda mashine, alipoelezwa na Furere habari za Honorine, alisimamisha viti, akamfunika Yaya blanketi magotini, akampandisha na kumshusha, peke yake upande ule, na waliokuwa wanapanda wakapishana naye hewani mmoja mmoja, wengine wakicheka, wengine wakivua kofia, naye akishika rozari, na Furere akampiga picha.

Aliporudi na picha zake, mama wauza samaki wa Rugenge walimbandika jina la Bwana Kiti, wakawa wanamuuliza kama kiti kimefika, maana magoti yanawauma, na mimi niliye ndugu yake nilicheka pamoja nao, kisha jioni nikaenda kula chakula chake, Mungu anisamehe.

Mei 1964 waasi waliingia Uvira, Furere akakamatwa pamoja na wamisionari wenzake, na nyumbani kwa Yaya zikaonekana picha za kamba na milingoti, wakampeleka mbele ya kamanda wao, aliyesema kwamba hizo ni kamba za kuteremshia askari wa kizungu milimani, na kwamba atapigwa risasi. Mama Léocadie alikuwa amemfuata, hakulia, alisimama tu mlangoni. Ndipo mmoja wa waliokuwa wamemfunga, kijana wa mlimani aitwaye Libérat, akasema, "Kamanda, huyu muntu miye namujua. Dada yake alitufia mabegani." Alikuwa mmoja wa wale wanane. Kamanda akaishika ile picha ya Austria, akauliza, "Na weye mbona uko unashuka peke yako? Viti vingine viko vitupu?" Yaya akamjibu, "Kwao vinashuka vitupu, Kamanda. Kwetu ndiyo vingepanda vitupu." Kamanda akaamuru picha zichomwe pamoja na michoro ya Furere, na mtu afunguliwe, ila ile moja akamrudishia, na Mama Léocadie akaificha katika kitabu chake cha sala.

Oktoba mji ulipotulia, Furere aliondoka mgonjwa, akafariki kwao mwaka wa 1966, michoro ilikuwa imekwisha kuungua, na Yaya alikuwa kama mtu aliyefiwa na Honorine mara ya pili, akawa anakaa na picha ile moja, mpaka siku moja akamwita mkewe, akamwonyesha, si kiti, bali mlingoti uliokuwa nyuma yake, akasema, "Mama Marie-Jeanne, angalia huu. Hautembei." Na kabla hatujaelewa alikuwa amepanda mlimani kumtafuta Libérat, ambaye alikuwa ameacha bunduki, wakaenda kijiji kwa kijiji kuomba kwamba mgonjwa asibebwe tena na walewale wanane njia nzima, bali wanaume wa kila mahali wangoje kwao kama milingoti, wabebe kipande chao tu, chenye mawe wanayoyajua, wapige filimbi, na wenzao wa chini wapokee kipoyi mabegani bila kukitua. Wengine walimcheka tena, lakini mwezi wa Julai 1966 mama Candide aliposhikwa na uchungu siku mbili, alipita mikononi mwa wanaume wa vituo saba, hakuwekwa chini hata mara moja, akazalia hospitali, na mtoto wake huyo mukimsikia analia hapo nyuma, musimnyamazishe.

Ugonjwa wa kifua ulimwanza Yaya Novemba 1967, naye kwa ukaidi, ambao ulikuwa kosa lake na hatulifichi, akaendelea kupanda kukagua njia, mpaka tarehe 3 Februari 1968 akaanguka kwa Libérat huko juu, na filimbi zikalia kwa ajili yake mwenyewe. Wabebaji wanatuambia kwamba walipofika kwenye mawe meupe aliomba wamfunulie shuka usoni, akatazama mji na ziwa, hawakusimama, na walipokwisha kuyaacha mawe nyuma akasema, "Tumepita." Alifika hospitali akiwa hai, akapata sakramenti, akatuaga wote, akalala katika Bwana tarehe 6 Februari, akiwa na umri wa miaka 38.

Jamaa inawashukuru waganga wa hospitali na masista waliomhangaikia, majirani wa Songo waliotupikia, wenzake wa misioni waliotengeneza sanduku, mama wauza samaki wa Rugenge, ambao tangu jana hawajamwita Bwana Kiti ila kwa machozi, na Libérat na ndugu wote wa vituo saba. Hao ndugu wametuomba jambo moja, nasi tumelikubali, kwamba kutoka hapa mpaka makaburini sanduku lisiguse udongo, na wamekwisha kujipanga njiani, wa kwanza mlangoni, wa mwisho kaburini, basi tutembee polepole nyuma yao.

Yaya Gaspard, hakuna atakayekutua njiani. Shuka salama, upumzike kwa amani.