Asilimia Kumi na Moja za Kaka Yangu, Msoma Mita

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, na ninyi wa chuo kikuu mliokaa safu ya mbele, nimetumwa na familia kuwasomea maisha ya kaka yangu, na naomba radhi mapema, kwa kuwa kazi hii ilimfaa mtu makini, na katika ukoo wetu mtu makini alikuwa mmoja tu, naye ndiye tunayemzika. Aliniachia agizo moja, kwamba asizikwe na namba isiyo yake, kwa hiyo nivumilieni nikichelewa kidogo kwenye namba.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1963, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mlango wa nne, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa baba fundi wa injini na mama mshonaji, na mama alikuwa akituambia kwamba yule mtoto alizaliwa kimya, akatazama balbu ya chumbani mpaka wakunga wakacheka.

Alianza shule ya msingi Januari 1970, katika shule iliyokuwa mkabala na ghala la mbao, akaendelea na sekondari hadi Novemba 1980, kisha akaingia chuo cha ufundi, alikotunukiwa cheti cha umeme tarehe 12 Desemba 1983, wakati mimi, kwa taarifa yenu, nilikuwa narudia darasa kwa mara ya pili, jambo ambalo kaka alilifunika kwa miaka arobaini na mimi nimelifunua kwa pumzi moja.

Baada ya miaka minne katika kiwanda cha nyuzi, tarehe 1 Februari 1988 aliajiriwa na chuo kikuu kama fundi umeme, na wanafunzi hawakuchelewa kumbatiza Zima Taa, kwa kuwa alikuwa akiingia darasa tupu, anazima taa, anazima feni, anatoka bila neno. Siku moja alizima ukumbi ambao profesa alikuwa amebaki ndani akisahihisha mitihani, profesa akafoka, "We fundi, hunioni?" naye akajibu, "Shikamoo profesa, nimekuona wewe mmoja, taa nimehesabu sitini," akamwachia moja ya juu ya meza yake, akaenda zake.

Tarehe 18 Agosti 1990 alifunga ndoa na shemeji yangu, mtunza maktaba wa chuo hichohicho, mwanamke aliyekubali kuishi katika nyumba ambayo pasi ilikuwa na ratiba, nao wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1992, ambaye leo ni fundi wa maabara hapo chuoni kwa mkataba unaosubiri kuongezwa mwezi ujao, na kijana aliyezaliwa tarehe 23 Oktoba 1996, ambaye ni fundi bomba.

Sasa nirudi kazini, maana huko ndiko uchungu uliko. Machi 2016 chuo kilitangaza kwamba kufikia mwisho wa 2019 kitapunguza kwa asilimia arobaini gesi zinazochafua hewa na kuongeza joto duniani, na kaka akapewa kazi ya kupima, naye akaipokea kama mtu aliyeitwa. Mita zilikuwa hamsini na nane, za umeme na za dizeli ya jenereta, na kila Ijumaa alizizunguka zote kwa miguu, kwa sababu ile mitambo mipya ya kusomea mita kutoka ofisini aliiita kasuku, inarudia ilichofundishwa. Ni katika kuzunguka huko alikogundua kwamba viyoyozi vya ukumbi mkuu vilipuliza Jumapili nzima kwa faida ya viti, na kwamba boila ya dobi ilichemsha maji likizo yote bila shuka hata moja la kufua, akavizima vyote, akabadilisha taa za majengo kumi na saba, akaweka umeme wa jua juu ya paa la maktaba, na mwisho wa 2019 akajumlisha, ikaja asilimia kumi na moja. Alifurahi, jamani. Alinipigia simu nikiwa na lori langu mpakani, nchi ya tatu kutoka hapa, akasema, "Mdogo wangu, kumi na moja ya kweli!" mimi nikamuuliza kama amezaa tena.

Lakini wakubwa walikuwa wameahidi arobaini. Basi jenereta za mabweni na za kantini zikakabidhiwa mkandarasi, zilezile, palepale, zikinywa dizeli ileile, na kwa kuwa kwenye karatasi hazikuwa tena za chuo, moshi wake nao ukafutwa kwenye hesabu, arobaini ikatimia bila swichi hata moja kuguswa. Kaka akaletewa taarifa atie saini kama mpimaji, akakataa. Hapa nikiri mbele ya jeneza lake kwamba mimi ndiye niliyempigia nikamwambia, "Kaka, saini uishi, moshi haujui kusoma," naye akasema, "Watu wanaouvuta wanajua."

Taarifa ilitoka Januari 2020, saini yake haikuwepo, ila jina lake lilichapwa chini kabisa, mpimaji mkuu, likatundikwa ndani ya fremu ukumbini pamoja na tuzo. Aliandika barua tatu akiomba jina litolewe, hakujibiwa hata moja, badala yake tarehe 3 Februari 2020 akahamishiwa stoo ya viti vibovu, nyuma ya mabweni, hatua ishirini kutoka kwenye jenereta zisizo za mtu, na huko akakaa mpaka alipostaafu Mei 2023.

Kikohozi kilianza 2022, kikawa cha mapafu, akalazwa mara nne, na daktari hakusema ni moshi, nami ni dereva tu, siwezi kusema asichosema daktari. Alifariki tarehe 6 Septemba 2024, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa shemeji.

Jana alasiri afisa wa chuo alileta aya moja nzuri sana, yenye muhuri, niisome hapa, inayosema marehemu alikipunguzia chuo hewa chafu kwa asilimia arobaini. Nikamtazama binti yake, nikaufikiria mkataba wake, nikasema moyoni, nisome tu, yaishe, maana mazoea yana taabu. Yeye ndiye aliyesema, "Baba mdogo, soma ya baba. Kazi nitatafuta." Mama yake akaongeza, "Na usimumunye maneno."

Basi simumunyi. Kaka yangu alipunguza asilimia kumi na moja. Ile arobaini si yake, hakuipima, hakuisaini, na familia inaomba jina lake litolewe kwenye ile fremu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, waliompa oksijeni na heshima pamoja, tunawashukuru majirani waliopika, waliofagia na waliokesha nasi, na tunakishukuru chuo kwa gari lililombeba. Wafanyakazi wenzake, mliobeba ngazi zake na kucheka naye, asanteni, na ninyi mliojua ukweli mkanyamaza, asanteni kwa kuja, sogeeni nami nikae hapo kati yenu, maana nilikuwa mwenzenu kwa miaka minne.

Kaka, amani tuliyokunyima hapa ukaipate huko. Pumzika.