Mzunguko wa Namba Ishirini na Mbili

Benchi la Fundi Viatu linatazamana na uwanja wa shule, kati yake na uwanja pana barabara na uzio tu, na wanaolikalia hawajawahi kukosa la kusema. Jumamosi hiyo walikuwa na la kutazama pia. Mwalimu wa hesabu, mama wa miaka hamsini na sita ambaye magoti yake hulalamika kwenye ngazi, alikuwa anauzunguka uwanja mbio. Watoto thelathini na mmoja walikuwa wameanguka mtihani, na wengine walishasema shule basi. Akawaambia atakimbia mzunguko mmoja kwa kila aliyeanguka. Akimaliza, wote wanarudi darasani kuurudia. Basi anaita namba kwenye orodha, mwenye namba anatoka kukimbia naye, kisha anapiga alama ya chaki ukutani. Fundi alishona kichwa chini. Namba ishirini na mbili ni bintiye, yuko nyumbani anaosha vyombo, na hilo hakumwambia mtu. Viatu vya shule vya mtoto alivipanga kwa mkono wake kwenye turubai la kuuzia, kati ya ndara na mabuti.

— Kumi na nane hiyo, alisema Jaji, ambaye enzi zake alikuwa akifagia mahakama. Mama ana roho ya paka huyu.

— Kuna kidonge hapo, akasema Dokta, aliyekuwa akisukuma vitanda hospitali.

— Kidonge gani?

— Sisi watu wa tiba huwa hatukitaji.

— Wapi, alidakia Jaji. Huyo anautaka udiwani. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Sasa si anakimbia?

— Ndiyo maana mpaka leo hajawa diwani.

Muuza kahawa akamimina kikombe kingine.

— Mie nauliza tu. Mbona akipita nyuma ya vyoo anapotea kidogo, akitokea ana nguvu mpya?

Wakatazamana.

— Pacha, alisema Dokta taratibu. Wako wawili. Mmoja akiingia, mwenzake anatoka.

— Na mtoto anayekimbia naye haoni?

— Kaahidiwa maksi, alisema Jaji. Ukila na kipofu usimguse mkono.

Fundi akainua kichwa.

— Ni mmoja. Tazameni kiatu cha kushoto. Uzi mwekundu ule nimeushona mimi jana, mweusi uliniishia.

— Kumbe alikuja? Alisemaje?

— Alisema, shona mara mbili, fundi, safari ndefu.

Hakuwaambia kwamba Mwalimu alivitazama vile viatu vya shule pale turubaini, akavitazama sana, kisha akashukuru na kwenda zake. Fundi alikuwa na majibu yake tayari: shule imemshinda mtoto, na ushonaji nao ni kazi. Mwalimu hakumuuliza hata neno, na majibu hayo amebaki nayo tangu jana.

— Ishirini na moja, Jaji alihesabu.

Uwanjani sauti ikaita: ishirini na tatu.

— Karuka. Mwalimu wa hesabu karuka ishirini na mbili.

— Uchovu huo, alisema Dokta. Damu ikipungua kichwani, namba ya kwanza kupotea ni ishirini na mbili. Kesi hizo tumeziona sana.

— Fundi, umejichoma?

— Kidogo.

Kufika ishirini na nane Mwalimu alikuwa anachechemea. Mvulana aliyekimbia naye alimshika kiwiko. Akautoa mkono ule kwa upole, akaendelea. Habari ya pacha haikutajwa tena. Jaji alisimama, kikombe mkononi.

— Mama huyu, alisema, na hakuongeza methali.

Ya mwisho ikaisha. Ukutani alama thelathini, na katikati yake nafasi moja tupu. Mwalimu hakwenda kukaa. Alisimama mstarini, mikono magotini, macho kwenye geti.

— Si amemaliza?

— Sasa anangoja nini?

Mama mmoja mpita njia, kikapu begani, alisimama mbele ya turubai. Akaokota viatu vile vya shule, akavigeuza soli juu.

— Samahanini, baba zangu. Mbona bado vizima? Mwenyewe kaacha shule?

Jaji akamtazama Dokta, Dokta akamtazama Fundi.

Fundi akasimama. Akavipokea viatu kwa mikono miwili.

— Niwie radhi, mama, alisema.

Akashika kichochoro cha kwenda kwake, aproni ya ngozi ikimpiga magotini, mbio, yeye ambaye hata mvua haijawahi kumkimbiza.

— Na huyu naye anataka udiwani? aliuliza muuza kahawa.



Ng'ambo ya uzio, Mwalimu alikuwa ameyaona yote. Alijishusha chini polepole, akanyoosha mguu wa kushoto, akaanza kukaza kamba za kiatu.