Msusi Aliyekataa Kuupunguza Msalaba

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka msusi. Ndiyo, msusi. Mtaani kwake walimwita Mama Mbishi, na jina hilo alilipenda. Alifariki wiki iliyopita kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa msusi, na kwa miaka mingi alikuwa mwalimu wa waumini wapya kanisani kwao.

Siku moja mchungaji wao, kijana mwenye nia njema, alimwita ofisini. Akamwambia, "Mama, watu wa leo wana mawazo mengi. Habari za dhambi, damu na kaburi tuziweke kando kwanza. Tuwatie moyo tu."

Mama Mbishi akajibu, "Nitawatia moyo kwa kitu gani, mchungaji? Nikiondoa msalaba na kaburi tupu, yanabaki maneno matamu. Na maneno matamu hata redioni yapo."

Hapo alitusema na sisi. Tumesamehe.

Basi, akanyang'anywa darasa. Hakuhama kanisa. Jumapili alikaa kwenye benchi lake kama kawaida. Lakini Jumatano jioni, wateja wakiisha, alifagia nywele sakafuni, akapanga viti vya plastiki mbele ya vioo, akaacha mlango wazi. Saluni ikawa darasa.

Binti yake anasimulia: "Walikuja watu wa kila aina. Wengine hata Mungu hawamwamini. Mama alisema hao ndio anaowataka, maana wanauliza."

Na kweli waliuliza. Fundi wa kompyuta alimkabili: "Mama, enzi hizi nani ataamini kwamba mtu alikufa akafufuka?"

"Kwani enzi zile waliamini?" akamjibu. "Unadhani watu wa zamani hawakujua kwamba maiti haiamki? Wanafunzi wake wenyewe walibisha! Sikwambii ni jambo rahisi. Nakwambia lilitokea. Kama halikutokea, nenda kapumzike, na mimi nifunge saluni nikalale."

Alifundisha hivyo hivyo, kavu kavu. Mungu hakututumia salamu, alisema, alikuja mwenyewe. Akazaliwa, akaona njaa, akachoka, akalia, akauawa. Na neema? "Neema huistahili. Ungeistahili, ingeitwa mshahara."

Wasikilizaji wapendwa, ni rahisi kusema hayo kama hujaguswa. Mama Mbishi aliguswa. Mdogo wake wa mwisho, kitindamimba wao, aligongwa na lori akivuka barabara, akafa palepale. Dereva alikuwa amelewa. Akafungwa, akamaliza kifungo, akatoka. Jumatano moja dereva yuleyule aliingia saluni, akakaa nyuma kabisa, kando ya sinki.

Mama Mbishi alikatiza somo, akamnyooshea kidole. Watu wakageuka kuangalia.

"Wewe," akasema. "Hapo huwezi kukaa."

Dereva akainuka, akashika njia ya mlangoni.

"Unakwenda wapi? Hapo panavuja. Njoo huku mbele."

Baadaye alimwambia binti yake, "Nilitaka kumtupa nje. Lakini mwanangu, miaka yote nafundisha kwamba Yesu alikufa kwa ajili ya wenye hatia. Sasa mwenye hatia kaja, nimwambie darasa limejaa?"

Hakumwambia yule dereva kwamba hakukosa. Alimwambia usoni: "Ulimuua mdogo wangu. Ndiyo maana hii inaitwa kusamehe."

Kaka yao mkubwa alipopata habari, alikata mguu nyumbani kwa dada yake. "Umemuuza ndugu yetu," alimwambia. Mama Mbishi alilia sana kwa neno lile. Lakini Jumatano iliyofuata, mlango ulikuwa wazi.

Hospitalini, siku zake za mwisho, muuguzi alimuuliza kama anaogopa. Akasema, "Naogopa, tena sana. Ila kifo kisijisifu. Kimenikamata tu, hakijanishinda. Nitaamshwa."

Nilikuwepo kwenye mazishi. Dereva alisimama mbali, nje ya uzio. Kaka mkubwa akamwona, akamfuata kwa hatua nzito. Akamwambia neno moja tu: "Njoo." Akampa nafasi ya kushika jeneza, upande uleule aliokuwa yeye.

Nilimuuliza kaka mkubwa baadaye. Akasema, "Mimi bado sijamsamehe. Usije ukatangaza kwamba nimesamehe. Lakini dada yangu nilibishana naye akiwa hai, sikushinda. Ningeanzia wapi sasa?"

Kwa binti, kwa kaka mkubwa, kwa wanafunzi wote wa Jumatano: poleni sana. Mungu awafariji.

Nawe msikilizaji, huenda huamini hata neno moja katika aliyoyafundisha. Asingekununia. Angekuvutia kiti. Lakini jiulize leo: ni nani ambaye akitokea mlangoni kwako, mkono wako utakimbilia kufuli? Usinijibu mimi. Mtaje kimoyomoyo, kwa jina lake. Tutanyamaza kidogo hapa studioni, upate nafasi.