Moto wa Baada ya Saa Tatu

Aliyemwambia Hasina kwanza kwamba jiko la biashara halizimwi mchana alikuwa mama mkwe wake, Bi Kijakazi wa Tongoni, siku alipomkabidhi kikaango cha vitumbua. "Riziki ikikuta jivu, mwanangu, hupita." Hasina akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Mwaka wa pili sasa, meza yake ilikuwa hatua tano tu kutoka benchi la kahawa la Uweso, barabara ya kumi na tatu, Ngamiani, na tangu alfajiri mpaka alasiri moto wake haukulala. Hata Jumanne hiyo alipokwenda kliniki alimwachia Uweso aulinde. Alirudi saa tano, akaenda moja kwa moja kuchochea makaa. Kwa mara ya pili mwanawe Sabiri, wa miezi mitano, hakuwa ameongeza uzito. Nesi alisema mtoto anakatizwa kunyonya. Mama aketi naye mpaka aachie titi mwenyewe.

— Kulikoni, mama Sabiri? aliuliza Uweso.

Hasina hakuzoea kusema mbele ya wanaume. Lakini hawa wa benchi ndio waliomfungia turubai wakati wa masika, bila kuombwa. Akawaeleza kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye makaa. Akikaa, biashara itakufa. Asipokaa, mtoto atakonda.

— Hiyo ndogo, alisema Tadeo, fundi baiskeli ambaye benchi zima humwita Injinia. Kidole kimoja hakivunji chawa. Aongeze jiko la pili.

— Atalipuliza nani, mtoto? alijibu Mzee Sele, mstaafu wa bandarini, kijiweni wakimwita Winchi.

— Pedeli. Namfungia baiskeli chini ya meza. Akikanyaga, feni inapuliza makaa, kamba inambembeleza mtoto.

— Na kunyonya?

— Kwenye mteremko.

— Meza ina mteremko, yakhe?

— Nitaukata mguu mmoja.

Hasina aliinama kuficha kicheko. Kilikuwa cha kwanza siku hiyo.

— Nisikilizeni mimi, alisema Winchi. Bandarini winchi haizimwi taa hata kama hakuna meli. Meli ikiona giza inakwenda Mombasa. Mtaka cha mvunguni sharti asilale.

— Mvungu uko kitandani, mzee, alisema Uweso. Atakesha vipi kitandani? Mimi nasema moto aulinde mtu mwingine. Leo nimeulinda tangu saa tatu.

— Umeuza nini?

— Sijauza. Nimeulinda.

— Basi afungue tawi Muheza, na lingine Pangani, alisema Winchi. Awe bosi. Bosi hukaa.

— Akiwa Pangani, Sabiri atanyonya simu? aliuliza Uweso.

Hapo ndipo alipofika Ernesti, dereva wa lori la machungwa kutoka Muheza, mgeni kijiweni.

— Shikamoo mzee. Habari zenu jamani. Dada, nipatie vitumbua vinne.

— Vimekwisha, kaka, alisema Hasina.

— Mapema hivi?

— Huisha saa tatu.

— Kila siku?

— Alhamdulillahi, kila siku.

— Bajia je? Mihogo?

— Napika vitumbua tu.

Ernesti aliyatazama makaa mekundu chini ya kikaango kitupu.

— Sasa moto huu unapika nini?

Injinia aliikagua spoku aliyokuwa nayo mkononi. Uweso alimimina kahawa katika kikombe kilichokwisha kujaa. Hasina alitaka kusema riziki. Hakumkumbuka hata mteja mmoja aliyeondoka na kitu saa kama hizo. Alichokumbuka ni kusugua kikaango kilichokuwa safi, kupepea makaa, na kumwachisha Sabiri titi kila alipopita mtu, asije akaonekana amekaa.

Winchi alikohoa.

— Mkweo alipika wali kwenye geti la bandari. Makuli tulishuka zamu kwa zamu, mchana kutwa. Moto wake ulikuwa na watu.

— Sikumuuliza alimpikia nani, alisema Hasina.

— Wala sisi hatukukuuliza wewe, mwanangu. Tumekaa hapa na midomo yetu yote hii.

— Turubai lenu lenyewe lilitosha, alisema Hasina. Nashukuru. Na wewe kaka, nashukuru. Kesho nitakuwekea vinne.

Kesho yake, kitumbua cha mwisho kilipotoka, Hasina alimwekea Ernesti vinne vyake kando, akawapa wazee wa benchi vitatu vya bure. Kisha akachota makaa yote kwa koleo, akayahamishia chini ya birika la Uweso. Akaketi kwenye kigoda, jiko limepoa mbele yake, akajitanda kanga, akamweka Sabiri titini. Wanawake wawili wakapita, wakamsalimu. Aliwaitikia akiwa amekaa, na hakuinuka mpaka mtoto alipoachia mwenyewe.